Chumvi ya rangi kwa miguu ya papa



Wakati wa vakansi, swali ni moja mu kila nyumba: «Mama, tufanye nini sasa?» Mutoto wetu wa tatu, mwenye miaka nane, alitaka kumupa papa yake zawadi, na feza hatukuwa nayo. Nikamwambia: «Tufanye chumvi ya rangi. Papa akitoka posti ya usiku, atatia miguu yake mu beseni ya maji ya moto kidogo pamoja na chumvi ile.» Alifurahi, akatoka mbio kutafuta rangi.

Alirudia na kopo mukononi. Ndani mulikuwa unga wa bulu, bulu safi kama mbingu ya mwezi wa sita. «Mama, ona! Iko mingi kule ku mutaro, pahali maji ya usini ilikaukia. Tutie hii, shi iko muzuri?»

Sitakuficha, moyo wangu ulishituka. Na ni kwa sababu hiyo ninakuandikia leo. Mu inchi yetu ya mukuba, rangi za udongo zinapendeza macho kupita rangi za duka, na mutoto hawezi kujua kilicho ndani.

Ile bulu ni sulfati ya mukuba. Inaunguza macho na ngozi. Mutoto akiimeza atatapika sana, na maini na figo zake zinaweza kuharibika. Ile kijani ni malakiti. Shanga na sahani za malakiti wanazouzisha ku soko, zilizosuguliwa vizuri, hazina neno ukizishika. Lakini ukisaga jiwe lile utavuta vumbi yake, na ukilimwagia ndimu litatoa povu na mukuba utaingia mu maji. Mawe ya rangi ya waridi, mara nyingi ndani iko kobalti. Na ya njano kali? Watu wa Likasi wanajua Shinkolobwe, pahali uraniumu ya bomu ya Hiroshima ya mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa. Mawe yake mengine ni ya njano, ya machungwa, ya kijani, mazuri kabisa kwa kuangalia. Serikali iliwakataza wachimbaji kuingia mule mwaka 2004.

Mwaka 2018 wenye elimu wa Lubumbashi na wa Leuven, mu Ubelgiji, walitangaza walichoona Kasulo, mutaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Mukojo wa watoto wa pale ulikuwa na kobalti karibu mara kumi kupita ule wa watoto wa mutaa mwingine. Vumbi ya nyumba zao pia ilikuwa nayo mingi. Hakuna mutu aliyewalisha watoto wale mawe.

Basi nilifunga kopo mu sashe, tukanawa mikono na sabuni, yeye na mimi. Sikumupiga. Angejua aje? Sisi wenyewe tuliweka jiwe la kijani juu ya meza ya saloni, na wageni wanalisifu. (Kama unga ule unaingia mu jicho, osha na maji safi yenye kutiririka dakika 15, kisha muende ku hospitali. Kama mutoto ameumeza, usimulazimishe kutapika, mukimbie naye.)

«Sasa rangi itatoka wapi?» Nikamupeleka jikoni.

Tulichukua kopo mbili za chumvi, ile ya mawe mawe. Ile laini inafaa pia, lakini inalowana upesi. Tukikoroga nilimwelezea kwamba wazee wa Katanga walitengeneza chumvi yao kule Mwashya, mu bonde ya Lufira, na watu walitoka mbali kuitafuta. Hakusadiki. Kwake yeye, chumvi inatokaka ku duka.

Tuligawanya chumvi mu sahani tatu. Ya kwanza tulitia kijiko kidogo cha mafuta ya ngazi: pale pale ikawa ya machungwa. Ya pili, manjano, ile ya mupishi, lakini kidogo sana, yenye kukaa ku ncha ya kisu, maana inashika ngozi na nguo. Kwa ya tatu tulichemsha maua mekundu ya ngaingai mu maji machache mpaka ikawa nyeusi nyeusi, tukaacha ipoe. Hapa uwe na uvumilivu: kijiko kidogo kimoja tu kwa sahani nzima. Mutoto wangu alimwaga tatu, chumvi ikayeyuka, tukaanza tena. Kisha utandaze sahani kivulini siku mbili, na kitambaa juu kwa ajili ya vumbi. Kazi ya mutoto ni kugeuza geuza na kijiko.

Lakini yeye alikuwa bado anawaza bulu yake. Basi nilileta bikarbonati, ule unga mweupe tunatiaka mu maharagi yaive upesi. Tia kidogo mu maji ya ngaingai iliyobakia: wekundu unatoka, inakuwa bulu yenye kuelekea kijani. Kamulia ndimu: povu inapanda, nyekundu inarudia! Tulifanya mara sita, majirani wakakuja kuangalia. Manjano nayo ikikutana na bikarbonati inageuka rangi ya matofali. Mwisho alitia kijiko kimoja cha ile bulu mu sahani ya ine. Haikuwa safi kama ya mutaro, na kisha majuma machache imefifia, lakini alikuwa amepata bulu yake.

Kwa harufu, ganda la ndimu lililokauka au jani la sitronele linatosha. Weka yote mu chupa yenye kufungwa vizuri. Kopo ya chuma itashika kutu, na bidoni iliyotoka ku usini usiitumie hata ukiiosha mara mia.

Vijiko vitatu vinatosha kwa beseni moja. Lakini mama, usidanganyike: chumvi haiondoe vumbi ya kazi. Papa avue viatu na nguo za kazi inje, aoge kwanza na sabuni, kisha akae na beseni yake. Kama ana kidonda, chumvi itamuuma, angoja kipone. Mugonjwa wa sukari hasikii vizuri moto ya maji ku miguu, aulize munganga kwanza. Na mutoto muchanga tumuache na maji yake ya kawaida.

Mutoto aliandika mwenyewe juu ya karatasi akaibandika ku chupa: YA MIGUU YA PAPA. SI YA KULA. Alifanya vizuri, maana mudogo wake alikuwa tayari ametia kidole ndani, akifikiri ni bombo. Asubuhi ile papa alitia miguu mu maji, akasinzia juu ya kiti mpaka maji ikapoa.