Ati Walikwenda Kutalii



Limezuka neno katika maofisi yetu, nasi hatuwezi kulinyamazia tena. Kila itajwapo timu ya Tanzania iliyokwenda Paris kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024 hakosekani karani wa kuinua uso mezani na kusema, "Aa, wale watalii!" Na chumba kizima hucheka. Walikwenda wachezaji saba, wakarudi saba, medali hakuna. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini imetolewa na watu waliosoma ukurasa mmoja wa faili kisha wakalifunga.

Na tulifungue. Katika saba hao, wanne walikuwa wakimbiaji wa marathoni: Alphonce Simbu, Gabriel Geay, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu. Andrew Mlugu alikwenda kwa mchezo wa judo, na Collins Saliboko na Sophia Latiff kwa kuogelea. Hao waogeleaji wawili waliingia kwa nafasi wapewazo mataifa ambayo hayajapata waogeleaji wa kufikia viwango, ili nayo yawe na mtu wao majini. Kumdai medali aliyeingia kwa mlango huo ni kama kumtaka karani aliyeajiriwa jana atoe hesabu za miaka kumi.

Sasa mtazameni Simbu, askari wa Jeshi la Wananchi, na kwa hiyo mtumishi wa umma kama sisi. Rio mwaka 2016 alikuwa wa 5. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, tulipeleka watu watatu tu, wote wa marathoni, naye akawa wa 7. Paris akawa wa 17, ndipo vicheko vikazidi. Basi tarehe 15 Septemba 2025, huko huko Tokyo, katika mashindano ya dunia ya riadha, alikimbia kilometa 42 na ushei, akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani mstarini kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na tofauti yao ilikuwa sehemu 3 katika 100 za sekunde moja. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Waliomwita mtalii wakawa wa kwanza kusema "Simbu wetu". Twawauliza mabwana hao: kati ya Paris na Tokyo ninyi mliongeza nini?

Wako na wengine, wapole zaidi, nao pia hatukubaliani nao. Hawa, kila tukishindwa, humleta Mzee John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 nyuma ya wote, goti limefungwa bendeji, na wakasema kumaliza kwatosha. Heshima ya Mzee Akhwari ni kubwa, wala haihitaji kuongezwa nasi. Lakini yeye alijeruhiwa njiani. Sisi tumelifanya jeraha lake pazia la uvivu wetu.

Wala uchache si aibu. Mwaka 1976 hatukupeleka hata mtu mmoja Montreal, kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi, na mtu mwenye akili haoni haya kwa hilo. Miaka minne baadaye, huko Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta fedha mbili. Tangu hapo hadi Paris ni miaka 44, na medali nyingine ya Olimpiki haijapatikana.

Kosa li wapi basi? Sehemu yake, Mabwana, iko mezani petu. Twamkumbuka kijana mmoja, mtumishi katika ofisi tusiyoitaja, mkimbiaji wa mita 5,000. Aliomba ruhusa ya majuma sita akafanye mazoezi katika nyanda za juu. Barua yake ilipita meza nne. Kwenye moja iliandikwa "Iletwe tena", na aliyeandika ni mmoja wetu, mwanachama aliyelipa ada. Ililetwa tena, ikaandikwa vile vile. Jibu la kukubali lilimfikia kijana mashindano yamekwisha siku tisa. Hakulalamika. Aliacha kukimbia, na leo hutuletea chai ya saa nne akiwa amenenepa kama sisi.

Lakini inapokaribia michezo ya SHIMIWI, nasi twataka kwenda kuvuta kamba, barua zetu za ruhusa hazilali hata usiku mmoja! Kumbe kalamu zaweza kukimbia.

Kwa hiyo katika mkutano ujao tutaleta hoja. Kwanza, barua ya mtumishi yeyote aliyeitwa katika timu ya taifa ijibiwe kwa siku saba, ikubaliwe au ikataliwe, na mwanachama atakayeilaza aitwe mbele ya kamati yetu. Tena, Chama kiombe kwa maandishi kwamba kabla ya safari ya Los Angeles mwaka 2028 yatangazwe majina ya wote watakaosafiri, wachezaji na wasio wachezaji, na kazi ya kila mmoja. Ikiwa kweli wamo watalii, tutawaona katika orodha hiyo, na huenda wasiwe wale wavaao viatu vya kukimbilia.

Anayepinga na aje mkutanoni, lakini kwanza atazame trei yake, aone ni barua ya nani iliyolala chini kabisa.