Jina Halipigi Picha

Ndugu msomaji, wakazi wa Bangwe na Kigoma nzima wanaijua habari ya meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikateremshwa ziwani kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916; Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Jina lilibadilika, chuma kikabaki kilekile.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya swali la kijana mmoja wa Bangwe. Marehemu baba yake alikuwa mpiga picha wa arusi na maulidi, akamwachia kamera ya Yashica Electro 35. Sasa kamera hiyo imegoma. Kijana amedunduliza fedha za mauzo ya dagaa, naye ameona tangazo la Yashica mpya ya filamu. “Kaka,” aliniuliza, “nikiinunua hii, si nitakuwa nimeishika kazi ya mzee?”

Nilimjibu kwamba katika kamera mambo huweza kwenda kinyume cha Liemba: jina hubaki, chuma kikabadilika. Electro 35 ilitoka Japani mwaka 1966, ikiwa na lenzi ya vioo na kipimo cha mwanga kinachochagua kasi ya picha. Mwaka 1983 kampuni ya Yashica ilichukuliwa na Kyocera, ambayo mwaka 2005 ilitangaza kuacha biashara ya kamera. Mwaka 2008 jina likauzwa kwa wafanyabiashara wa Hong Kong. Waliounda kamera ya mzee si hawa wanaouza leo.

Yashica haiko peke yake. Jina la Kodak lilisajiliwa na George Eastman mwaka 1888. Kamera iitwayo Kodak Ektar H35, ya mwaka 2022, imetengenezwa na kampuni ya Reto ya Hong Kong kwa kibali cha kulitumia jina hilo. Huo si wizi, wala kamera hiyo haikosi faida: hugawa kila picha mara mbili, hivyo filamu ya picha 36 hutoa 72. Lakini lenzi yake ni ya plastiki, na umbali wa kulenga haurekebishwi.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafungua mkoba, uliza: nani ameitengeneza? Lenzi ni kioo au plastiki? Kasi na umbali hurekebishwa? Filamu itasafishwa wapi? Muuzaji asiyejibu ila kwa kutaja jina, mwage kwa heri.

Wiki iliyopita kijana ameniarifu kwamba kamera ya mzee iko kwa fundi. Fundi hakumwahidi kitu. Hata hivyo, kijana amekwisha kununua filamu mbili, anangoja.