Kongo na Intaneti ya Angani

Mwezi Machi 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipiga marufuku intaneti ya setilaiti ya Starlink; wakuu wa jeshi walihofu kwamba waasi wangeitumia. Mwezi Mei 2025 serikali hiyo hiyo iliipa leseni. Je, ni kigeugeu? La. Nchi ni pana, na vijiji vingi havifikiwi na nyaya wala minara. Dishi dogo huwasiliana na setilaiti zilizo mamia ya kilometa juu, likahudumia zahanati na kituo cha polisi. Walakini dishi halimjui mwasi wala askari. Leseni huipa serikali haki ya kudai madishi yaandikishwe. Marufuku huyaficha tu. Hata hivyo, swichi i mikononi mwa kampuni ya Marekani. Askari mwenye hadhari haitupi simu yake ya upepo.