ZAMU YA USIKU, SEHEMU YA 6: Kuuliza siyo kukufuru

Jamani, leo niseme jambo ambalo wengi tunaliogopa. Kuna mama alifiwa na mtoto wodini. Usiku akaniuliza taratibu, "Sista, nikimuuliza Mungu kwa nini, nitakuwa nimekufuru?" Kabla sijajibu, ndugu yake akamkatisha: "Nyamaza, shukuru tu."

Akanyamaza kweli. Hakulala mpaka asubuhi.

Mimi nasema hapo tunakosea. Kwenye Biblia, Ayubu alimlalamikia Mungu waziwazi, na mwishowe Mungu aliwakasirikia rafiki zake waliokuwa wanamsahihisha. Kwenye Kurani, Nabii Ibrahim aliomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyofufuliwa, ili moyo wake utulie. Hakufukuzwa, alionyeshwa.

Sasa wewe ni nani umzibe mgonjwa mdomo?

Hata mimi kuna zamu natoka nashindwa kusali. Nakaa kwenye daladala nauliza tu. Kesho yake naomba tena.

Ukienda kumwona mfiwa, peleka uji, kaa, msikilize. Rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku 7, na hapo walifanya vizuri. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu.