Timu ni ya Mwenye Hati au ya Mwenye Mapenzi?

Alhamisi ya tarehe 26 Septemba 2024, watu 46,889 walijaa katika uwanja wa Coliseum, mjini Oakland katika jimbo la California nchini Marekani, kuiaga timu yao ya besiboli. Timu hiyo, Athletics, iliishinda Rangers ya Texas kwa 3 kwa 2. Ushindi huo haukubadili kitu. Huo ulikuwa mchezo wake wa mwisho katika mji ulioilea kwa misimu 57, na wapenzi waliobaki vitini baada ya mchezo kumalizika walijua kwamba kilichoondoka hakitarudi.

Yumkini msomaji wa visiwani atauliza: besiboli ya Marekani inatuhusu nini sisi ambao mchezo wetu ni kandanda? Jawabu ni kwamba suala lililojitokeza Oakland si la besiboli peke yake. Ni suala la mwananchi anayeipa timu ya mji wake mapenzi, muda na fedha, kisha akagundua kwamba katika mambo makubwa ya timu hiyo yeye hana kauli. Suala hilo linawahusu wapenzi wa michezo popote walipo, na linawahusu zaidi viongozi wenye dhamana ya ardhi, viwanja na fedha za umma.

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu, ambapo mchezaji hujipatia pointi kwa kuzunguka vituo vinne na kurejea alipoanzia. Katika ligi kubwa ya Marekani kila timu hucheza mara 162 kwa msimu, na nusu ya michezo hiyo, yaani 81, huwa nyumbani. Kwa hiyo mpenzi wa timu haiendei mara moja kwa wiki. Karibu kila siku, kwa muda wa miezi sita, huwa nayo: uwanjani akiweza, redioni akiwa kazini, gazetini asubuhi ya pili. Mtoto huirithi timu kwa mzazi wake kama anavyorithi mtaa na majirani.

Mapenzi ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwapo Oakland. Huo ni mji wa bandari na wa wafanyakazi, unaotazamana na mji tajiri wa San Francisco ng'ambo ya ghuba. Athletics ilihamia hapo mwaka 1968 ikitoka Kansas City, na kabla ya hapo ilikuwa Philadelphia. Ikatwaa ubingwa wa Marekani miaka mitatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974, kisha tena mwaka 1989. Mji uliokuwa ukidharauliwa ukapata cha kujivunia. Lakini mwaka 2019 timu ya mpira wa kikapu ya Warriors ilivuka ghuba kwenda San Francisco. Mwaka 2020 timu ya Raiders, ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ikahamia Las Vegas. Athletics ilipoondoka, Oakland ikawa imepoteza timu zake zote tatu kubwa katika muda wa miaka mitano.

Haki inatutaka tueleze pande zote mbili. Uwanja wa Coliseum ulifunguliwa mwaka 1966 na ulikuwa umechakaa. Mwenye timu, tajiri John Fisher, na wakuu wa mji walizungumza kwa miaka kuhusu uwanja mpya kando ya bandari bila ya kufikia mwafaka, na kila upande ukaulaumu mwingine. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo timu iliuza au kuwaachia wachezaji wake bora, na mishahara yake ikawa miongoni mwa midogo kabisa katika ligi nzima. Mwaka 2023 ilishindwa katika michezo 112. Watazamaji wakapungua, kisha upungufu huo ukatajwa kuwa ni sababu ya kuhama. Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa. Mtu akiifilisi duka lake mwenyewe kwa kukosa kulitia bidhaa, hawezi kuwalaumu wateja kwamba hawaji kununua.

Wapenzi wa Oakland hawakukaa kimya. Tarehe 13 Juni 2023 walifanya jambo ambalo ni kinyume cha mgomo: badala ya kususia uwanja, waliitana waujaze. Wakafika 27,759 siku ya Jumanne, wakati timu ilikuwa ya mwisho katika ligi, wakiwa na fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mwenye timu aiuze. Walitaka kuthibitisha kwamba watu wapo na mapenzi yapo. Siku hiyo hiyo Baraza la Seneti la jimbo la Nevada lilipitisha muswada wa kutoa hadi dola milioni 380 za umma kusaidia ujenzi wa uwanja wa Athletics mjini Las Vegas, na katika muda wa siku mbili muswada huo ukawa sheria. Tarehe 16 Novemba mwaka huo wamiliki wa timu zote 30 walipiga kura ya kuidhinisha uhamisho, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Katika chumba hicho cha kura mpenzi wa timu hakuwa na kiti.

Tangu msimu wa 2025 timu hiyo imekuwa ikichezea uwanja mdogo wa kuazima huko West Sacramento, ikiitwa Athletics tu bila ya jina la mji wowote, ikingojea uwanja wa Las Vegas uliopangwa kufunguliwa mwaka 2028.

Ni nini kinachompa mwenye timu nguvu kubwa hivyo juu ya miji? Sababu ni uhaba. Idadi ya timu huamuliwa na wamiliki wenyewe, na tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1922 mchezo huo umepewa msamaha katika sheria zinazozuia uhodhi wa biashara. Timu ni 30, na miji inayozitaka ni mingi kuliko hiyo. Kila mmiliki anaweza kuuambia mji wake: nijengeeni, au nitakwenda kwa wenzenu. Kwa utaratibu huo bepari huvuna faida akiwa na timu, na umma hubeba gharama ili asiondoke nayo.

Pamoja na hayo, mambo hayakulazimika kuwa hivyo kila mahali. Tutazame kisiwa cha Honshu, Japani. Mji wa Hiroshima uliangamizwa kwa bomu la atomu tarehe 6 Agosti 1945, na hadi mwisho wa mwaka huo inakadiriwa kwamba watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Miaka minne tu baadaye, mwishoni mwa 1949, ukaanzisha timu ya besiboli iliyoitwa Carp. Wakati timu nyingine za Japani zilikuwa mali ya makampuni ya reli na magazeti, Carp haikuwa na kampuni ya kuitegemea. Ilitegemea michango ya mkoa, ya miji na ya wananchi. Msimu wa kwanza, 1950, ilishika mkia, na mwaka 1951 ilikuwa haina hata fedha za mishahara. Likazuka shauri la kuiunganisha na timu nyingine, jambo ambalo lingekuwa ndio mwisho wake.

Mwalimu wa timu, Ishimoto Shuichi, akawageukia wananchi. Mapipa ya mbao yakawekwa mlangoni mwa uwanja, na watu ambao wengi wao walikuwa bado wanajenga upya nyumba zao wakatumbukiza humo sarafu walizokuwa nazo. Haba na haba hujaza kibaba: timu ikanusurika. Wapenzi hao walingoja hadi mwaka 1975 ndipo Carp ilipotwaa ubingwa wa ligi yake kwa mara ya kwanza. Baadaye ikawa bingwa wa Japani nzima mwaka 1979, 1980 na 1984. Na mwaka 2015 mrusha mpira wake mashuhuri, Kuroda Hiroki, aliacha malipo makubwa zaidi Marekani akarudi Hiroshima. Mwaka uliofuata timu ikatwaa ubingwa wa ligi baada ya kuukosa kwa miaka 25.

Si makusudi yetu kuifanya Hiroshima kuwa pepo. Mapipa yaliiokoa timu, lakini hayakutosha kuiendesha milele. Katika miaka ya 1960 familia ya Matsuda na kiwanda chao cha magari, kinachojulikana leo kwa jina la Mazda, walichukua dhamana yake. Lakini kiwanda hicho ni cha Hiroshima, na wenye timu wanajua kwamba kila mzee wa mji ana hadithi ya sarafu iliyotoka nyumbani kwake. Hati ziko kwa wachache, ila historia iko kwa wote, na historia hiyo imekuwa ni kizuizi cha kuiondosha timu.

Wajapani walitoa funzo jingine mwaka 2004, wakati wamiliki walipokusudia kuunganisha timu mbili za eneo la Osaka na Kobe na kupunguza idadi ya timu. Wachezaji, wakiongozwa na Furuta Atsuya, waligoma tarehe 18 na 19 Septemba, ukiwa ni mgomo wa kwanza katika historia ya besiboli ya kulipwa nchini humo. Wapenzi, ambao ndio walionyimwa burudani, hawakuwageuka, waliwaunga mkono. Muungano wa timu hizo mbili haukuzuilika, lakini wamiliki walilazimika kukubali timu mpya, na mwaka 2005 timu ya Rakuten Eagles ikaanza kucheza katika mji wa Sendai. Umoja wa wachezaji na wapenzi ulifanya kazi ambayo kila upande peke yake usingeliiweza.

Hata Oakland moto haukuzimika. Mwaka 2024 ilianza timu ndogo iitwayo Ballers, inayocheza katika bustani ya umma magharibi ya mji. Iliwauzia wapenzi hisa na kuwapa sauti katika maamuzi makubwa, likiwamo la timu kuhama. Mwaka 2025 ikatwaa ubingwa wa ligi yake. Ni ligi ya daraja la chini, na haiwezi kufuta uchungu uliokwisha kupatikana, lakini wapenzi wake wamejifunza kuuliza suali la hati kabla ya kuimba wimbo wa timu.

Tukirudi nyumbani, hali yetu ina sura yake. Timu nyingi za Ligi Kuu ya Zanzibar ni za vikosi na idara za Serikali. Hizo haziwezi kuuzwa kwa tajiri wa kuzihamisha, na hilo ni jema. Lakini wapenzi wa mitaani hawana mahali pa kujiandikisha na kutoa rai zao. Timu za wananchi, kama Malindi na Mlandege, zina wenyewe mitaani, lakini mara nyingi hutegemea mfuko wa mfadhili mmoja. Mfadhili akichoka, timu huyumba. Kwa upande wa Bara, klabu ya wanachama ikigeuzwa kampuni, kanuni zinataka wanachama wabaki na asilimia 51. Hiyo ni kinga nzuri, maadam wanachama wenyewe wanahudhuria mikutano na kusoma hesabu.

Uwanja wa Amaan umetengenezwa upya kwa fedha nyingi na kufunguliwa Disemba 2023, na mipango mingine ya viwanja ipo. Wafadhili wataongezeka, na baadhi yao watataka hati. Rai yetu kwa wanaohusika ni hii. Kwanza, fedha au ardhi ya umma isiingie katika timu au uwanja wa mtu binafsi bila ya umma kupata sehemu ya umiliki na sharti la maandishi kwamba timu haitahamishwa. Pili, jina, rangi na historia ya timu viandikwe kuwa ni amana ya wanachama, visiuzwe pamoja na mkataba. Tatu, kila timu, ikiwamo ya idara, iwe na daftari la wapenzi na wajumbe wao katika kamati.

Kwa wapenzi nao tuna neno. Sarafu za Hiroshima zilitolewa wakati timu inashika mkia. Anayejitokeza siku ya fainali tu na kuiacha timu ikicheza mbele ya viti vitupu mwaka mzima, huyo anamtayarishia mtu mwingine hoja ya kuiondosha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na timu haina dhiki kubwa kuliko kukosa watu.

Oakland walikuwa na mapenzi lakini hawakuwa na hati. Sisi bado tuna nafasi ya kuviunganisha viwili hivyo kabla mtu mwingine hajaja kuvitenganisha.