Mizani ya Barabarani ni Chombo cha Sayansi

Barabara ya lami ibonyeapo kabla ya wakati wake, lawama ya kwanza humwangukia mkandarasi, na ya pili huiangukia lami yenyewe. Pengine lawama hizo ni za haki. Lakini yuko mharibifu mwingine tusiyemtaja vya kutosha, naye ni uzito uliozidi.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, malori yaliyoendeshwa na askari yalipita juu ya barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimboni Illinois, Marekani. Ekseli zilipita zaidi ya mara milioni moja. Kutokana na jaribio hilo ilipatikana kanuni inayotumiwa na wahandisi hadi leo: madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuikokotoa. Hapa Tanzania, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Ikibebeshwa tani 12, uzito umezidi kwa sehemu moja ya tano tu, bali 1.2 ikipandishwa hadi kipeo cha nne huwa 2.07. Madhara ni zaidi ya maradufu! Mwenye lori amepata nauli ya tani 2. Matengenezo tunayalipa sote, pamoja na mkulima asiye na hata baiskeli.

Hata hivyo, siafikiani na wanaoichukua kanuni ya Illinois kama msahafu. Kule ardhi huganda wakati wa baridi. Huku uso wa lami, mchana wa jua kali, waweza kuzidi nyuzi 60 za Selsiasi. Lami ya daraja la 60/70 hupimwa kwa sindano yenye mzigo wa gramu 100, ikiachwa izame kwa sekunde 5 katika joto la nyuzi 25. Huzama milimita 6 hadi 7. Katika nyuzi 60 lami hiyo hiyo imekwisha kulainika, na lori lipandalo mlima polepole huikandamiza kwa muda mrefu, hata ikafanya mifereji. Miaka ipitapo, oksijeni ya hewa huifanya ngumu na nyepesi kupasuka. Maji yakipenya nyufani, tabaka za chini hudhoofika, na shimo halikawii.

Kwa maoni yangu, basi, kazi ya mizani isiishie katika kutoza faini. Uzito wa kila ekseli wapasa kuwafikia watafiti, pamoja na joto la barabara na unene wa tabaka zake, ili kipeo kitufaacho kitafutwe hapa hapa. Walimu wa hisabati nao waweza kuanza mapema: kama kipeo hicho kingekuwa 3 badala ya 4, ekseli ya tani 12 ingeleta madhara kiasi gani?