Mwanafunzi anatambulika ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara je?

Mwanafunzi wa Makerere akifika Chuo Kikuu cha Nairobi haombi mtu nywila. Anafungua kompyuta yake, na mtandao wa eduroam unampokea kwa akaunti ile ile aliyopewa Kampala.

Utaratibu huo ulianzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo uko katika nchi zaidi ya 100. Kwetu unaendeshwa na mitandao ya vyuo: KENET nchini Kenya, RENU Uganda na TERNET Tanzania. Nairobi haina orodha ya wanafunzi wa Kampala, wala haiihitaji. Inauliza tu: huyu ni wenu? Makerere inajibu ndiyo au siyo, na nywila inapita imefungwa, mwenyeji asiione. Chuo kikifunga akaunti ya aliyeondoka, milango yote inamfungia siku hiyo hiyo.

Lakini lazima chuo kianze kwa kupanga nyumba yake. Maktaba ikiwa na orodha yake, maabara yake na ofisi ya ada yake, hakuna wa kujibu kwa uhakika nani yupo na nani alishaondoka.

Sasa mtazame mama anayevusha maharage Namanga au Busia. Vituo vya pamoja vya mpakani vimempunguzia foleni, na cheti rahisi cha uasilia kinamfaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Hata hivyo, Tanzania inamjua kwa TIN, Kenya kwa PIN, na akitaka kufungua duka upande wa pili anaanza upya kama mtu asiyewahi kulipa kodi popote.

Wapo wanaotaka daftari moja kubwa la wafanyabiashara wote, litunzwe Arusha. Hatukubaliani nao. Daftari hilo likidukuliwa, wote wameumia. Likizimika, mipaka yote imesimama. Kila nchi ibaki na daftari lake, ila lijibu linapoulizwa.

Nanyi wasomaji wetu, wengi mnamwachia wakala wa forodha nywila ya akaunti ya kodi, naye anamwachia kijana wake. Lolote litakaloandikwa humo litahesabiwa limeandikwa nanyi.

Mawaziri wa biashara wanaweza kuanza na Busia na Namanga pekee, kwa swali moja kwenye kompyuta ya ofisa: mwenye namba hii ni wenu, na bado anafanya biashara?